Chupa ya Siku Kumi na Mbili

Kiponda, Mjini
Jumapili, 6 Februari 1955

Muhiddin kawa kompaunda! Kompaunda, Kidawa! Wa koti jeupe, wa funguo kiunoni, wa kusimama nyuma ya dirisha la dawa na watu wazima wakamwita "bwana"! Kaniambia asubuhi hii nikiwa na kikombe mkononi, chai yote ikaenda mkekani, na doa sikulifuta. Nataka kila anayeingia aniulize lile doa la nini.

Haya, nisamehe mdogo wangu, hata salamu sijatoa. Hujambo? Shemegi Machano hajambo? Kifua kinamwachia alale? Sisi hapa wazima. Bwana Hasan anakusalimu sana. Tangu astaafu utarishi pale forodhani hana kazi ila kutazama saa, na ikigonga saa mbili anataka dawa yake, kijiko kimoja, na saa mbili ya usiku kimoja, wala hazidishi tone. Nimeolewa na saa, mwenzako.

Nimekuandikia kwa herufi za skuli makusudi, ili ujue bado ninazo. Wewe niandikie zako za chuoni, za Kiarabu, mimi nasoma zote mbili.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Wazee wenye pencheni ya serikali sasa wanapewa dawa kwa thumni, nusu shilingi, chupa. Wengine wote shilingi tatu, kama desturi. Mzee anatakiwa aje mwenyewe mara moja tu, daktari amsikilize kifua, kitabu chake cha pencheni kigongwe mhuri. Baada ya hapo kitabu kinatosha, na chupa ni moja kwa mwezi. Shemegi alishapimwa alipokuja Januari, kwa hivyo yeye hana haja ya kutaabika. Mpe Jaku wa gari hicho kitabu, Muhiddin atakigongesha, na chupa ataileta mwenyewe akija kwenu Jumamosi. Kumbe faida ya mtoto ni nini? Nimezaa mmoja, lakini nimezaa.

Nakuletea mkate wa ufuta. Bahasha ndogo iliyomo ndani ya mkate usiifungue mbele ya watu.

Dada yako,
Mwanakheir


Bwejuu
14 Februari 1955

Dada Mwanakheir, shikamoo. Sisi wazima, isipokuwa Machano, ambaye ni mzima wa mchana tu. Mkate umefika, bahasha imefika, Mungu akuzidishie. Mbuzi wa jirani Mwanaasha kazaa mapacha, na kuku wangu wawili wameliwa na kicheche. Makumbi ya nazi niliyofukia mwaka jana nimeyafukua, yametoka meupe mazuri, kamba zitapatikana.

Hongera kwa Muhiddin. Nilifurahi sana. Aliponiambia, ile Jumamosi kabla barua yako haijafika, nilipiga vigelegele peke yangu uani mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Alikuwa na njaa, nikamkaangia pweza.

Kitabu cha pencheni nimekifunga katika kitambaa cha buluu. Machano anasema kisipotezwe, kwa kuwa miaka yake yote ya kuvunja mawe ya barabara imo humo.

Pweza wa kukausha aliyemo kwenye kikapu ni wako. Mbichi alimmaliza mwanao.

Mdogo wako,
Kidawa


Kiponda, Mjini
9 Machi 1955

Kidawa mdogo wangu,

Salamu nyingi. Bwana Hasan mzima, saa yake nzima. Paka wa jirani kaingia kabatini kala pweza wako wote, kwa hivyo siwezi kukwambia alikuwaje.

Nimeisoma barua yako mara tatu. "Ile Jumamosi kabla barua yako haijafika." Jumamosi ilikuwa tarehe tano. Mimi kaniambia Jumapili, tarehe sita. Nataka unijibu kwa uzuri tu, sina hasira: mtoto kafuzu mtihani Ijumaa, kanipita mimi hapa Kiponda, kapanda gari mpaka Bwejuu kukwambia wewe kwanza? Hapa chumba chake kimepakana na changu! Nikimwuliza anacheka, anasema, "Mama, si nilikuwa nakwenda huko hata hivyo." Hata hivyo!

Na nikimpakulia chakula ananitajia pweza wa mama mdogo. Mama mdogo anatia ndimu mwisho. Mama mdogo hatii chumvi nyingi. Juzi nimempikia boko-boko la ngano na nyama, nimelipiga mwiko mpaka mkono ukafa ganzi, kala, kashukuru, kisha kaniuliza kama Bwejuu wanalijua boko-boko. Mimi mambo haya nayapuuza, nakuandikia tu upate kucheka.

Koti lake nalifua mwenyewe kila Ijumaa, nalitia buluu lizidi weupe, nalipiga pasi ya makaa. Wake wa watu hapa mtaani wananiuliza sabuni gani natumia. Siwaambii.

Lililobaki ni dogo. Chupa ya Shemegi uliyopelekewa tarehe kumi na tisa, nasikia iliisha baada ya siku kumi na mbili, ukaomba nyingine. Chupa ya Bwana Hasan ni hiyo hiyo, kizibo hicho hicho, kijiko asubuhi kijiko jioni, na inafika mwezi. Je, mnakunywa dawa au mnaogea?

Dada yako akupendaye,
Mwanakheir


Bwejuu
2 Aprili 1955

Dada, shikamoo. Nimechelewa kujibu, nilikuwa na kazi ya kamba. Mvua imeanza. Mwana-mbuzi mmoja kafa, mmoja yupo. Mwanaasha anakusalimu.

Kuhusu nani kaambiwa kwanza, sikumwita, alikuja mwenyewe. Kuja hapa kwake si ugeni. Alipoletwa alikuwa wa miaka mitatu, na aliporudi mjini alikuwa na kumi. Njia anaijua. Lipo jengine la kusema hapo, silisemi.

Chupa imekwisha kwa kuwa imenyweka.

Muhiddin kaniambia mwezi huu kapangwa zamu za Jumamosi, hataweza kuja. Chupa ya Aprili basi ampe Jaku. Machano anaihitaji kuliko miezi iliyopita, huu unyevu wa mvua unamkaba. Tafadhali isichelewe.

Kidawa


Kiponda, Mjini
7 Aprili 1955

Kidawa,

Salamu kwa Shemegi. Sisi wazima.

Leo sina la kukuzunguka. Nilikuwa nafua koti la Muhiddin, nikatia mkono mfukoni kama desturi, nikatoa stakabadhi mbili. Chupa moja ya dawa ya kifua, shilingi tatu. Chupa nyingine ya dawa ya kifua, shilingi tatu. Bei ya watu wote, Kidawa, si ya pencheni! Mwanangu ananunua dawa kwa mshahara wake kama mtu asiye na wazee! Nikamwuliza, "Hizi za nani?" Akasema, "Za Bwejuu, mama." Nikamwuliza, "Na ya thumni je?" Akasema, "Na hiyo pia ya Bwejuu." Akazichukua stakabadhi kwa upole, akazikunja, akatoka.

Mimi aliniahidi charahani. Sikuiomba, aliiahidi mwenyewe, siku ile ile ya chai kumwagika: "Mama, kabla ya Idi utashona kwa charahani yako." Nimeshawaambia watu. Bi Shemsa wa ghorofani kaniletea na kitambaa nimshonee. Kitambaa kipo pale kimekunjwa, kinanitazama.

Niambie basi dawa inakwenda wapi. Mtu mmoja hana vifua vitatu. Sisemi kuwa unaiuza, nimesema niambie. Kama wataka mtoto aje kwako kila wiki mpe sababu nyingine, usimtie katika gharama. Wewe ulijaliwa mkono wa kupika na ulimi mfupi, na mimi kila anachonipa mwanangu nakiona kimeonjwa kwanza Bwejuu. Umefurahi? Nimeliandika. Silifuti.

Chupa ya Aprili haijawa tayari. Ikiwa tayari utaletewa.

Mwanakheir


Bwejuu
20 Aprili 1955

Dada, shikamoo.

Usiku wa kuamkia jana Machano aliikosa pumzi. Tulimkalisha kitako ameegemea ukuta, mimi upande huu, mwenzake Usi upande ule, mpaka alfajiri. Midomo iligeuka rangi. Sasa amelala, ila akisema neno moja hupumzika ndipo aseme la pili.

Chupa ilikuwa tayari tangu tarehe tano. Muhiddin kaniletea salamu kwa mdomo wa Jaku, anauliza dawa imemfaa vipi mzee, kwa kuwa alikuachia wewe uipakie garini. Jaku anasema hukumpa kitu. Mimi sijamwambia Muhiddin. Nimemwambia Jaku aseme mzee hajambo.

Umeuliza dawa inakwenda wapi. Nilikatazwa kusema, lakini nakwambia.

Baada ya alasiri wanakaa watu wanne barazani kwangu: Machano, Usi, Silima na yule wa Paje aitwaye Mwalim. Wote walikuwa genge moja la barabara, mawe wamevunja pamoja, vumbi wamelila pamoja, wote wanakohoa. Wote wana pencheni. Siku ya kwanza chupa ilipofika, Machano aliimimina kijikoni, akawatazama wenzake, akashindwa kuitia mdomoni. Alisema, "Kahawa hatunywi mtu peke yake, hii nitainywaje?" Akampa Usi kwanza. Tangu siku hiyo kijiko kinazunguka kila alasiri pamoja na kahawa.

Utasema, na wao wana vitabu, waje mjini wapate zao kwa thumni. Kuja na kurudi, hata mara moja ya kupimwa, ni shilingi mbili na nusu, dada, na mkononi hawana. Mtu akishalipa gari, hiyo chupa ya kwanza ya thumni inamtoka ghali kama ya asiye na pencheni. Na Silima magoti hayamchukui.

Muhiddin anajua. Alikikuta kijiko kinazunguka, Jumamosi iliyofuata akaja na chupa ya pili. Nilimkataza. Akasema nisikwambie, utahuzunika kwa ajili ya charahani.

Mimi sikumtia mtoto wako katika gharama. Na sikuuza.

Kidawa


Bwejuu
26 Mei 1955

Dada, shikamoo. Idi njema, wewe na Bwana Hasan.

Chupa ilifika siku ile ile Jaku alipokupa barua yangu, na nyingine ikafuata mwanzo wa Ramadhani. Ya pili ilikuwa na stakabadhi ya shilingi tatu, na nyuma yake mwandiko wako, "Imelipwa na Mwanakheir", basi. Nimetafuta barua ndani ya kikapu, chini ya kitambaa, hata ndani ya mkate. Haikuwamo. Sasa ni wiki tano.

Machano amefunga siku sita za mwisho, nilimkataza hakunisikia. Anatembea mpaka msikitini na kurudi. Anakuombea dua, na mimi sikumwambia jambo la siku zile kumi na tano. Anajua tu kwamba gari lilichelewa.

Muhiddin alikuja Idi pili. Niandikie.

Kidawa


Kiponda, Mjini
30 Mei 1955

Kidawa mdogo wangu,

Idi njema nawe, na Shemegi, na wazee wote wa barazani. Bwana Hasan anakupa mkono wa Idi. Sikukuu hapa ilikuwa nzuri, nguo nilivaa, uso sikuwa nao.

Wiki tano nimeanza barua nyingi. Kila moja ilianza vizuri, nikifika penye chupa kalamu inakauka. Leo Bwana Hasan kaniona, kaniwekea saa yake mezani, kanambia, "Nakupa mpaka igonge saa kumi." Kwa hivyo soma upesi kama ninavyoandika.

Chupa ilikuwa kabatini mwangu, nyuma ya sahani za harusi. Siku kumi na tano. Kila asubuhi nilifungua kabati nikaitazama, nikasema kesho. Nilitaka ushike kalamu unibembeleze. Nilitaka mara moja tu kitu cha mwanangu kipite kwangu kabla ya kufika kwako. Sikujua kama mtu anaweza kugeuka rangi ya midomo. Bwana Hasan kijiko chake hakijachelewa hata siku moja, mimi n'tajuaje?

Barua yako nilisoma nimesimama mlangoni, Jaku hajaondoka. Nilikimbia juu nikaitoa chupa, nikavunja sahani mbili, nikamtupia Jaku ndani ya gari kama mwizi. Kisha nilimngoja Muhiddin nikamwambia mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu. Alikuwa anakula. Alimaliza kula, akanawa, akachukua koti lake kwenye msumari, akateremka nalo bombani, akalifua. Bila ya buluu. Tangu siku hiyo analifua mwenyewe, na mimi nalitazama kambani halijakaa sawa mabegani. Angenifokea ningepona siku ya tatu.

Kuhusu ile miaka saba. Wewe unajua na mimi najua. Mume niliyeolewa naye wakati ule, kabla ya Hasan, hakutaka mtoto wa mtu mwingine nyumbani mwake, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na moja, nikamfungia Muhiddin nguo zake katika kanga yangu nikakuletea. Watu niliwaambia kapelekwa kubadili hewa. Mpaka leo nasema hivyo hivyo. Hapa nimekwambia wewe, na barua ukishaisoma itie jikoni.

Bwana Hasan alipiga hesabu ya vijiko, unavyomjua. Chupa ni vijiko sitini. Shemegi viwili kwa siku, wenzake watatu kimoja kimoja, jumla vitano, sitini ni siku kumi na mbili barabara. Akaweka kalamu chini, akasema, "Shemegi yako kagawa sawa, wala hakuzidisha tone." Kwa Hasan hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote.

Sasa hili ndilo nililokuwa nalitaka. Nimekwenda sokoni Darajani kumsimamisha Jaku mbele ya watu. Nikamwambia Alkhamisi ukileta makumbi na kamba za akina Kidawa, juu ya mizigo hiyo watakaa wazee wanne, bila ya nauli. Jaku akapiga kelele, "Bi Mwanakheir, gari langu si la sadaka!" Nikamwambia, "Mjomba wako Usi ndiye aliyevunja mawe ya hiyo njia unayopita kila siku. Yeye alikutoza nini?" Wauza samaki wakacheka mpaka mizani zikacheza. Jaku kakubali, kwa sharti wasiteme mate ndani ya gari. Silima atakaa mbele, kwa ajili ya magoti.

Muhiddin keshazungumza na daktari. Atawasikiliza vifua wote siku moja, vitabu vitagongwa mhuri, na kila mzee atarudi na chupa yake ya thumni, na Shemegi atainywa yake peke yake, na kama ataona haya basi kila mtu na anywe yake wakati mmoja, kama kahawa. Baada ya hapo vitabu vyote vinne vitakuja kwangu kwa mkono wa Jaku kila mwezi, na mimi nitavipeleka dirishani na kupanga mstari kama watu wengine. Nimeshawaambia majirani kuwa wazee wanne wa serikali wanakuja kumwona kompaunda nyumbani kwangu. Sikuwaambia uongo, si ndio wazee wa serikali?

Na wewe uje. Charahani haijapatikana, Bi Shemsa nimemrudishia kitambaa chake, nimesema macho yananiuma. Kitanda chako nimekitandika. Pweza mlete mbichi, umpike kwenye jiko langu, utie hiyo ndimu yako mwisho nikiangalia. Ila sahani ya Muhiddin nitaipakua mimi. Hilo niachie.

Na mukishakula, mwite pembeni umwambie anipe koti lake nilifue. Mimi nimemwomba mara mbili, anasema, "Usijitaabishe, mama." Wewe akikusikia husikia. Sikulaumu kwa hilo, nakuomba.

Saa inataka kugonga. Mizigo ya Jaku inaondoka Bwejuu baada ya alfajiri. Vitabu vya pencheni vyote vinne vifungeni katika kile kitambaa cha buluu, ukishike wewe. Mimi nitakuwa mlangoni tangu jua kuchomoza.

Dada yako,
Mwanakheir

Alkhamisi, tarehe tisa Juni. Nakungojeni nyote.